Tumefika Herufi D

Jumatatu, 5 Juni 2023

Nimeolewa! Najua, ni tangu mwezi uliopita, lakini kila asubuhi naamka kama mtu aliyepewa habari hiyo sasa hivi. Onema amelala upande wa ukuta, mdomo wazi kidogo, mzuri kuliko kwenye picha ya harusi. Mume wangu! Nimeandika. Nitaandika tena. Mume wangu!

Habari mbaya imeingia kabla ya chai. Mjomba wake Léon amepiga simu kutoka Punia. Anataka Onema aende kumsaidia kununua mawe ya madini, aache kukaa Kindu kama bibi harusi. Kama bibi harusi! Onema amecheka. Mimi sikucheka. Punia ni msitu na matope, na wanaume wanaokwenda huko kwa mwezi mmoja hurudi na mvi.

Lakini Mungu hajalala. Ofisi moja ya misaada karibu na stesheni inatafuta mtu wa ordinatere, yaani kompyuta. Mtihani ni Ijumaa ya wiki ijayo. Akishinda, anabaki kwangu. Akishindwa, Punia. Ordinatere yenyewe ameiona kupitia dirisha la benki tu. Haidhuru. Ana mimi.

Jumanne, 6 Juni

Mpango wa kwanza. Jirani yetu Tshibola, binti wa Wakasai waliokuja na reli, ana kibanda cha kuandikia watu barua, chenye ordinatere na jenereta. Nimemeza kiburi nikaenda. Hakusubiri hata nimbembeleze. "Dada Odile, umutume tu shemeji mchana. Mashine iko inakaa bure." Nimemshukuru kwa kinywa. Moyoni nimejiuliza anatafuta nini.

Jioni! Onema amerudi na karatasi: ODILE MPENZI WANGU, herufi kubwa kama za bango la kanisa. Ameiandika mwenyewe, ameihifadhi mwenyewe, ameichapa mwenyewe, siku ya kwanza! Nimeibandika juu ya kitanda. Nimelia. Kazi iko mkononi!

Alhamisi, 8 Juni

Yote yameharibika. Nilimpelekea mihogo ya kuchemsha nikawakuta. Onema ameshika kile kipanya cha mashine, na juu ya mkono wa Onema uko mkono wa Tshibola. Unausogeza! Polepole! Akaniambia karibu, shemeji anashika haraka kweli. Naona anavyoshika! Nikageuka na sahani yangu. Mihogo yangu Tshibola yule hatakula.

Onema ameapa kwamba kila mtu anafundishwa hivyo, hata katekista mzee alishikwa mkono. Onema namwamini. Ule mkono siuamini. Hakuna tena kwenda kibandani.

Mpango wa pili ulinijia nikipepeta mchele. Kitabu cha Baba!

Baba yangu, mzee Anaclet, alikuwa karani wa reli. Kabla ya vita ofisi yao ilipata ordinatere moja, na pamoja nayo kitabu kinene cha Kifaransa kinachoeleza kila amri ya mashine, A hadi Z, kama kamusi. Vita ilipoingia Kindu, askari walichukua mashine. Baba alichukua kitabu. Tulikimbia kwa njia ya Tunda, mimi mgongoni kwa mama, kitabu kichwani kwa Baba, godoro tukaliacha. Msituni mama alimwomba ukurasa mmoja tu awashie kuni mbichi. Baba alikataa. Tulilala na baridi na kaka yangu akaugua kifua. Mama alikuwa akilisimulia hilo kwa sauti ya chini mpaka alipokufa. Baba hulisimulia kwa sauti ya juu. Tangu siku hizo hajagusa ordinatere yoyote, lakini kitabu kiko kizima, hata jalada!

Tshibola ana mashine. Sisi tuna elimu.

Jumamosi, 10 Juni

Baba amekuja na kitabu ndani ya kitenge, amekipakata kama mtoto wa kubatizwa. Onema, mpole wangu, akauliza kama tungetafuta tu mambo ya mtihani: kuandika, kuhifadhi, kuchapa. Baba akamtazama kama mtu aliyeomba komunyo bila katekisimu. "Mutoto wangu, kitabu kinaanza kwa A. Aliyekiandika hakuwa mujinga." Nikamuunga mkono. Sote tulisoma hivyo shuleni, ukurasa kwa ukurasa, kwa moyo, na tulipata diploma.

Nimechora vitufe vyote kwenye katoni ya sabuni. Onema anagonga katoni na kukariri. Annuler! Archiver! Ana sauti nzuri, ningeweza kuolewa naye tena. Watoto wa uani wamekusanyika dirishani wanaitikia kama kwaya.

Jumatatu, 12 Juni

Herufi C. Baba anashika fimbo, hapigi, anaishika tu. Onema ameomba apite kwa Tshibola dakika chache, ajaribu kama kunakili, yaani copier, kunakwenda kama kitabu kinavyosema. Nimemjibu asiguse mashine kabla ya kukariri. Ametii. Utii wake unanipendeza mno.

Tshibola ameuliza kupitia ukuta kwa nini shemeji haji tena. Nimemwambia sisi tunasoma kitabu. Akasema aa. Hiyo "aa" naikumbuka mpaka sasa.

Jumatano, 14 Juni

Tumefika D. Onema anaijua kwa moyo, hata nukta. Amesema kwa upole kwamba kwa Kifaransa kuandika na kuhifadhi viko E, na kuchapa kuko I, na mtihani ni keshokutwa. Baba akasema kuruka ni kwa panzi. Nami nikambusu Onema paji la uso nikamwambia mtihani hauwezi kuuliza kila kitu.

Ijumaa, 16 Juni

Mtihani umeuliza E na I.

Mkubwa wa ofisi alimwambia awashe mashine, aandike barua fupi, aihifadhi, aichape. Onema aliwasha. Kitabu kinasema kioo kitakuwa cheusi na utaandika amri. Kioo kilikuwa cha buluu, kimejaa vipicha. Akangoja kiwe cheusi. Wengine wakaanza kuandika. Mkubwa akamuuliza anangoja nini. Onema akasimama akakariri herufi C yote bila kosa. Mkubwa akapiga makofi, makofi kweli, kisha akamwonyesha mlango.

Onema ameniambia jambo moja nisilolipenda. Vidole vyake vilikumbuka. Kwa Tshibola aliona vipicha vilevile, alijua pa kubonyeza. Lakini alisikia sauti yangu ikisema asiguse kabla ya kukariri.

Baba anasema kosa ni la kioo.

Jumapili, 18 Juni

Aliyeshinda ni Tshibola! Hata sikujua alifanya mtihani!

Amekuja nyumbani wakati Onema yuko mtoni kuoga. Amekaa kwenye kiti changu. Amesema kibanda kitabaki bila mtu, na shemeji ana mkono mwepesi, achukue yeye, mapato wagawane, asiende Punia. "Mumetoka kuoana juzi, dada. Asikuache."

Nilitaka kumkumbatia. Kisha nikautazama mkono wake, uko juu ya meza yangu, umetulia. Nikamjibu kwamba mume wangu hawezi kukalia kibanda wakati hajamaliza hata nusu ya kitabu. Akasema aa.

Onema alirudi ananukia sabuni, akauliza nani alikuja. Nikasema hakuna.

Jumanne, 20 Juni

Ameondoka kwenda Punia nyuma ya pikipiki, mikono yake kiunoni kwa dereva. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua. Nimemfungia kitabu ndani ya begi, Baba mwenyewe amekitoa, na utepe wa gauni langu la harusi kwenye E.

Karatasi iko juu ya kitanda. ODILE MPENZI WANGU. Nalala upande wa ukuta.

Jumanne, 4 Julai

Kibanda amepewa Destin, kijana wa Alunguli, ng'ambo ya mto, ambaye hakumaliza hata sekondari. Sasa anachapa barua akipiga mluzi, na mke wake anamletea wali mchana. Nimempita Tshibola akimfundisha, mkono juu ya mkono, kisha akamshika mke naye, vilevile. Kwa hiyo ni kweli, anafanya hivyo kwa kila mtu. Hilo halibadilishi kitu.

Onema amepiga simu hatimaye, amepanda kilima kutafuta mtandao. Sauti yake ndogo, kikohozi katikati. Ananipenda! Kisha akasema nisimwambie Baba. Mvua ilinyesha, kuni zilikuwa mbichi, watu wa mjomba walichana kitabu kuwashia moto. A, B, C, D yote imekwenda, imebaki kuanzia E. Alikuta utepe wangu kwenye majivu. Alikuwa karibu kulia, kipenzi changu.

Nimemtuliza. Nimemwambia tuna bahati: hizo herufi anazijua kwa moyo. Kesho aanze E.