Bakuli la Kusafishia Mashine

Jumatatu, 6 Juni 1994
Nimerudi kutoka Mbeya, kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo. Mkufunzi alitufundisha siri ya viwanda vya Wajapani. Katika kila kazi mna upotevu. Kusubiri ni upotevu, kurudia ni upotevu. Dawa: simama, tazama, uliza "kwa nini" mara tano, kisha ondoa.

Imekuja wakati wake. Mashine ya kusaga ninayoisimamia hapa Sumbawanga tangu niache ualimu ni ya shemeji yangu Zenon, kaka wa mke wangu. Tangu masharti ya biashara yalegezwe kila mtu anafungua mashine, na Masunga amefungua yake ng'ambo ya barabara. Zenon anapita Jumamosi. Akikuta foleni, mashine inabaki. Asipoikuta, anaihamishia Laela. Mke wangu Stefania ameniomba nisibuni kitu chochote hadi Jumapili. Yeye hakuhudhuria semina.

Jumanne, 7 Juni
Nimesimama mlangoni tangu saa moja. Saa moja na dakika tano nimeuona upotevu: benchi! Akina mama wakishasagiwa hawaondoki. Wanakaa, migongo ukutani, wanazungumza. Kwa nini? Ukuta una joto. Kwa nini una joto? Injini iko nyuma yake. Kwa nini wanataka joto? Ni Juni, na hapa ni Ufipa, nyanda za baridi. Kwa nini wasiote moto kwao? Hapo sikupata jibu, nikaondoa benchi.

Jioni liko kwa Masunga. Alikuja kulichukua mwenyewe, akaniamkia kwa adabu, akauliza kama ninalo lingine.

Jumatano, 8 Juni
Foleni leo: hakuna. Kusubiri kumekwisha kabisa. Kwa hesabu ya semina, huu ni ushindi. Modesti, mwendesha mashine wangu, anasema kilichokwisha si kusubiri, ni watu. Mchapakazi, lakini hana nadharia.

Upotevu wa pili, mkubwa zaidi. Wapika pombe hutuletea kimea, yaani ulezi uliooteshwa na kukaushwa. Kila akimaliza kusaga kimea, Modesti hupitisha mashineni bakuli zima la mahindi yetu, kisha unga wake huwatupia kuku. Kwa nini? Kusafisha. Kwa nini? Kimea kisibaki ndani. Kwa nini kisibaki? Akasema ndivyo alivyofundishwa. Nikamweleza, kwa upole, kwamba hiyo si sababu, na nikaliondoa bakuli hilo. Alisema "Sawa, Mwalimu" kama mwanafunzi anayejua jibu na hataki kulitoa.

Mchana tulisaga kimea, kisha moja kwa moja mahindi ya Mama Silvana, ambaye kesho anapokea wageni wa posa kutoka Namanyere. Dakika tatu, ameondoka. Kuku walisimama mlangoni wakingoja.

Alhamisi, 9 Juni
Mama Silvana amekuja jioni na sahani iliyofunikwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba unisaidie kumega tonge hapa."

Nikanawa. Nikamega. Halikumegeka, lilitiririka hadi kwenye kiwiko. Akanieleza taratibu, na ule utaratibu wake ndio ulionitisha. Ugali aliusonga mwenyewe. Mezani ukaanza kulegea. Mshenga akauliza kama watu wa Sumbawanga ugali huwa wanaunywa. Mzee mmoja akaomba kikombe. Posa imeahirishwa.

Nilimwomba radhi. Kisha nikamwuliza ulichukua dakika ngapi kulegea. Akaifunika sahani yake. Stefania alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yakitikisika.

Ijumaa, 10 Juni
Jambo hili lazima lichunguzwe. Asubuhi nimesonga ugali sufuria mbili, moja ya unga mtupu, nyingine nimetia kijiko cha kimea. Wa kwanza ulikaza. Wa pili ulisimama kidogo, kisha ukalala kama ng'ombe aliyechoka. Kijiko kimoja tu! Nadhani ni hivi: mbegu ikiota huanza kula wanga wake yenyewe, ndiyo maana kimea ni kitamu. Kumbe ikikutana na wanga wa jirani, nao huula.

Ugunduzi kama huu haufichwi. Nimebeba sufuria zote mbili hadi sokoni, nikawaeleza watu kumi na wanne kwa kina jinsi kimea kilivyobaki ndani ya mashine yetu. Wote walisikiliza vizuri. Wote wameenda kusaga kwa Masunga.

Jumamosi, 11 Juni
Zenon amefika na lori. Akatazama uwanja mtupu. Nikamweleza kwamba uwanja mtupu ndiyo shabaha yenyewe, kwani Mjapani hataki kuona mtu anasubiri.

"Hata mimi, shemeji, sitaki," akasema, na kuwaita wapakizi wafungue boliti.

Modesti anakwenda nayo Laela. Stefania amelia, kisha akawapa kaka yake na Modesti chai. Walipokuwa ndani nikatazama upakiaji. Kamba sita kwa mashine moja! Nikawauliza wapakizi kwa nini sita. Wakasema hufunga hivyo siku zote. Basi nikawafundisha, nikafungua nne, nikazikunja vizuri na kuziweka kibarazani. Lori likaondoka saa tano, jepesi.

Saa nane amekuja mwendesha baiskeli kutoka njia ya Laela. Watu wote wazima, asema, ila kuna mashine imelala mtaroni, na mwenye mashine ananitaja jina kwa sauti kubwa.

Nimemwuliza jambo moja tu. Kati ya zile kamba mbili, ni ipi haikukatika? Maana hiyo moja pengine ingetosha.