Ziwa Lililoamriwa Kuyeyuka Saa Sita

Serikali ya jimbo, kwa kuwapenda wananchi wake kupita kiasi, ilitangaza kwamba kuanzia mwezi wa tatu hakuna bahati nasibu ya hisani itakayochezeshwa na jua, mvua, mnyama au chochote kisicho na kitambulisho.

Mkaguzi Verlyn Tostrud aliipeleka sheria hiyo mwenyewe hadi Ziwa la Bata. Huko kikosi cha zimamoto cha kujitolea huweka gari bovu juu ya barafu kila mwaka, na watu hununua tiketi wakibashiri siku na saa litakapozama. Mwaka huu fedha zilikuwa za kununulia boti ya uokoaji, maana majira ya baridi yaliyopita mvuvi alikufa maji watu wakimtazama.

"Nani anachezesha?" akauliza Verlyn.

"Jua," akajibu Ardis Kvale, bibi wa miaka sabini na mmoja, mkuu wa kikosi.

"Lina leseni?"

"Lilianza kazi kabla ya idara yenu, mwanangu."

Verlyn hakucheka. Akaandika amri: ziwa liyeyuke Jumamosi, saa sita kamili mchana, la sivyo wanunuzi warudishiwe fedha zao na boti isahauliwe.

"Na likikataa?"

"Litakuwa limekiuka."

Jumamosi ikafika, gari limetulia tuli. Ardis alilitazama akiwa na uchungu, na Verlyn, ambaye hakuwa mtu katili, akamwonea huruma. Akapekua sheria yake. Mchezeshaji awe binadamu, awe na akili timamu, atumie mkono wake mwenyewe. Basi akavua koti, akaazima shoka, akatembea hadi kwenye gari na kuanza kuitekeleza sheria.

"Wewe bwana, rudi!" Ardis akapiga kelele. "Barafu hiyo haimjui mkubwa!"

"Iko chini ya mamlaka yangu!"

Ilipotimu saa sita kasoro dakika nane, barafu ikapasuka. Gari likazama na mkaguzi akafuata, maji yakamfika kidevuni. Walimvuta kwa ngazi ya kupakia rangi na kamba ya kufungia ndama, na shughuli hiyo ilichukua muda.

"Mbona mmekawia?" akauliza, meno yakigongana, akiwa amefungwa mablanketi matatu.

"Boti inasubiri kibali chako, baba."

Ardis akavaa miwani, akafungua sheria.

"Kifungu cha kumi na nne. Afisa atakayechezesha kabla ya saa iliyoidhinishwa, idara yake itawalipa waandaaji thamani yote ya kitu kilichokuwa kikichangiwa. Umechezesha kwa mkono wako, mbele ya watu mia mbili. Tia saini hapa."

Verlyn alikisoma kifungu mara tatu akitafuta kasoro. Hakuona hata moja. Alikuwa amekiandika mwenyewe.