Usukani wa Mama Mektrida

Onesphory alikuwa fundi wa magari, tena fundi wa kweli. Alijifunzia gereji ya shamba moja la kahawa, akazijua nati zote na tabia zake. Kisha siku moja akagundua kwamba anayelala chini ya gari hupata grisi usoni, na anayesimama kando akieleza ugonjwa wa gari hupata chai. Tangu hapo spana zake zikawa za maonyesho, na kazi yote akauachia mdomo.

Sasa, katika mwaka mmoja wa ile miaka ambayo sabuni ilipatikana kwa foleni na sukari kwa kujuana, siku ya Alhamisi, Onesphory alikuwa amekaa mbele ya hoteli ya chai karibu na soko la Moshi, akimkwepa mtu. Mtu huyo ni Gidioni wa Shirimatunda, Mnyaturu aliyestaafu kazi ya miwa, mwenye mabega mapana kama mlango. Gidioni alikuwa amempa bando la mabati ili amletee Landrova inayokwenda moja kwa moja barabarani, na bando la pili lingefuata Landrova ikifika. Nani aliyapata wapi mabati siku zile, hatuulizi. Tatizo dogo lililobaki ni kwamba Landrova yenyewe haikuwapo.

Ndipo ilipotokea. Ilikuja imebeba ndizi, ikichukua barabara yote na sehemu ya mtaro, watu wakiruka huku na huku. Nyuma ya usukani alikuwapo mama mmoja mnene aliyevaa kitenge na sweta la kiume, akizungusha mikono kama anayesonga ugali wa harusi. Usukani ule ulizunguka robo nzima kabla magurudumu hayajapata habari. Nchi ilipewa uhuru wake mwaka sitini na moja; usukani ule ulijichukulia wa kwake baadaye, bila sherehe.

Onesphory akaacha chai ikiwa bado inafuka moshi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Sogea kidogo, breki nazo hufikiri kwanza."

Alikuwa ni Mama Mektrida wa Kilema. Bila gari lile ndizi zake zingeozea shambani, na wagonjwa wa mtaa wake wangerudi kubebwa kwa machela kama enzi za Mjerumani. Onesphory hakujua hayo, na angejua yasingemzuia. Aliegemeza sikio kwenye boneti, akafumba macho.

"Mama, humu ndani kuna marehemu."

"Yesu na Maria! Nani kafa?"

"Bado. Ndiyo maana nimewahi."

Akaingia chini ya gari na spana moja. Huko akakuta mambo ya kawaida kabisa: bushi zimeliwa, springi zimelegea, nati za tairodi, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu, zinacheza. Kazi ya siku mbili kwa mtu mwenye moyo. Akaichagua nati moja iliyokuwa bado imeshika kidogo, akailegeza vizuri, akatoka akipangusa jasho ambalo hakuwa nalo.

"Chesi imeoza mifupa, mama. Hii haikaziki, hata na Mwingereza aliyeitengeneza. Hebu izungushe tu hapo uone."

Mama Mektrida akaizungusha, na Landrova ikaenda moja kwa moja kwenye matenga ya nyanya, ikasimama ikiwa imebakiza unywele. Mwenye nyanya alisema maneno ambayo hatutayaandika.

"Umeona?" akasema Onesphory kwa huzuni kubwa. "Hiki sasa ni chuma chakavu. Lakini mimi nina roho. Nitakupa bando la mabati, nilichukue gari nikalizike mwenyewe."

"Mabati? Mapya?"

"Yanalia ukiyagusa."

Mama akalitazama gari lake, akamtazama fundi, akavuta pumzi. "Sawa baba. Jiko langu linavuja. Lakini hatuuzi kitu njiani kama wezi. Twende Kilema na hayo mabati, Jumapili baada ya misa nikukabidhi mbele ya majirani." Akamrushia ufunguo. "Na endesha wewe. Mimi siendeshi marehemu."

Hapo ndipo ujanja ulipoanza kudai nauli yake. Onesphory aliupanda mlima na nati aliyoilegeza kwa mkono wake mwenyewe, mabati yakipiga kelele nyuma, migomba ikimjia usoni kulia na kushoto. Kwenye kona moja gurudumu la mbele lilichungulia korongo. Kusimama akaikaze hakuweza, kwa kuwa alishasema haikaziki. Mama Mektrida alisali Salamu Maria kwa sauti, na kila baada ya sala akauliza, "Baba, wewe una mke?"

Walifika shati la Onesphory likiwa limelowa, jasho la kweli safari hii. Akapewa mtori, akapewa mbege kwenye kata, akatazama mteremko aliopanda. Akajua wazi kwamba gari lile halishuki na yeye ndani likiwa vile.

"Nitaikaza kidogo, mama. Ya kunifikisha tu chini."

"Si umesema haikaziki?"

"Haikaziki kwa fundi wa kawaida."

Na kidogo yenyewe ilikuwa hii: Ijumaa alifungua springi zote, akachonga bushi mpya kutoka kwenye tairi kuukuu, maana za dukani zilikuwa hadithi. Jumamosi akapunguza wosha nyembamba kwenye magurudumu ya mbele mpaka yakaacha kutikisika, akakaza tairodi, akakaza boliti zinazoshika springi, akageuza skrubu ya boksi la usukani, polepole, akisikiliza. Hakuna aliyemlazimisha kuwa makini hivyo. Ila mikono ina kumbukumbu zake, na mara mbili alijikuta anapiga mluzi. Juu ya jiko walikuwa wakigongelea mabati, chini ya gari yeye akigonga vyuma, na wapita njia wakauliza harusi ni ya nani.

Jumapili Landrova ilikuwa imenyooka kama mwanakwaya. Onesphory alikuwa na haraka. Sheria ya mafuta ilikataza magari ya watu kuonekana barabarani Jumapili ikishapita saa nane, na Gidioni alikuwa akimngoja Shirimatunda na bando la pili.

Misa ilipokwisha, Mama Mektrida akaja na majirani. Mbele alitangulia shemeji yake, Mzee Primus, na mama mwenyewe alishika kwa mikono miwili jani la isale.

Kwa asiyelijua: isale ni ule mmea unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya migomba ya ukoo, na jani lake ndilo linalobeba msamaha. Mchagga akikuletea isale, unasamehe. Ukishalipokea, kesi imekwisha, hudai, hununi, hupigani. Na kulikataa ni kujitafutia balaa ambalo wajukuu wako watalisimulia.

"Baba," akasema Mama Mektrida, "nimekukosea. Nisamehe."

"Kosa gani tena, mama?"

"Naona aibu kulitaja kabla hujapokea."

Onesphory akawaza haraka. Atakuwa ameuza tairi la akiba. Au jeki. Vitu vidogo hivyo, na jua linapanda! Akalipokea jani kwa mikono miwili, akapaza sauti ili kila mtu asikie ukarimu wake.

"Nimesamehe! Nimesamehe na la nyuma na la mbele!"

Majirani wakapiga makofi.

"Aika, asante baba," akasema mama. "Kosa langu ni hili: gari siuzi."

Onesphory akacheka. Akatazama huku na huku akitafuta mwenzake wa kucheka naye, akamkosa.

"Na mabati?"

"Nayo yamo humohumo ndani ya kosa."

"Mama!"

"Alhamisi ulipoingia chini ya gari langu, usukani ulikuwa mgonjwa. Ulipotoka ulikuwa maiti. Nikajiambia, anayejua kulegeza anajua na kukaza. Kuliacha gari gereji siwezi, ndizi zingeoza; na mafundi wote wa mjini nimewaita, hakuna aliyetaka kupanda mlima. Wewe umepanda, na mabati umekuja nayo."

Onesphory alifungua ule mdomo wake maarufu. Mzee Primus akakohoa.

"Umepokea isale, mwanangu. Anayegeuka baada ya isale..." Hakumalizia, na hapakuwa na haja.

"Panda nikushushe," akasema Mama Mektrida kwa upole. "Nalala kwa mdogo wangu Margareta, Shirimatunda hukohuko unakosema unangojwa. Kesho nina soko."

Walishuka. Mama aliendesha kwa vidole viwili, akiimba wimbo wa misa. Gari lilikata kona kwa adabu, likapita juu ya mawe bila kulalamika. Onesphory alikuwa amedhulumiwa mchana kweupe, na aibu ilimchoma. Lakini chini ya aibu hiyo kulikuwa na furaha fulani ya kijinga, akaionea haya zaidi.

Gidioni alikuwa getini kwake. "Landrova yangu!" akapiga kelele, na mkewe akapiga vigelegele. Onesphory akashuka, akamnyooshea jani lilelile kwa mikono miwili.

"Hili nalo nini?"

"Isale, kaka. Ukilipokea umenisamehe."

"Kwetu Singida," akasema Gidioni, "msamaha huja kwa miguu minne na hulia mee." Akamtupia jani mbuzi aliyefungwa kando ya geti, na mbuzi naye akalikataa. "Mabati yangu yako wapi?"

"Yako Kilema. Yamesamehewa."

Gidioni akaligeukia gari. Alipitisha mkono dirishani, akausukuma usukani kwa kidole, akaona gurudumu linatii papo hapo. Akarudia. Uso wake ukabadilika.

"Nani kaikaza hii?"

Mama Mektrida akatazama pembeni. Hata yeye aliingiwa na huruma. Uongo wowote ungetosha kumwokoa. Onesphory angesema ni mzee fulani wa Kirua, Gidioni angeondoka kumtafuta, na yeye angelala Arusha. Lakini alikuwa ameinama siku mbili chini ya gari lile, na hakuna aliyemwambia hata pole ya kazi.

"Mimi," akasema. "Kila nati."

"Wewe mwenyewe?"

"Kwa mikono hii."

Gidioni akaishika mikono hiyo kwa heshima, akaanza kumvuta nayo kuelekea nyuma ya nyumba. Huko lilikuwapo lori lake la mchanga, limeinamisha pua juu ya mawe, na gurudumu moja likitazama Kenya.

"Bando la mabati ni kazi nyingi," akasema, akavuta kigoda. "Ukimaliza hili, shemeji yangu ana jingine."

Mama Mektrida akapiga honi, akaenda zake kwa mdogo wake, gari likishika upande wake wa barabara. Onesphory akavua koti, akalala chali, akaingia chini ya lori akiulaani ulimi wake. Miaka yote ulidanganya na kumlisha vizuri, na siku ulipoamua kusema kweli ukampeleka kazini.