Malalamiko Kuhusu Amri ya Kumkanyaga Baba Mgongoni

Kwa Baba Mkubwa, msemaji wa mwisho wa familia yetu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama. Huku kwetu yupo mmoja asiyeweza.

Naandika kwa sababu kusema siwezi. Jana ulipopiga simu na Shangazi akaiweka kwenye spika, sebule nzima ilinigeukia, sauti ikanikauka. Ulisema, "Huyo mtoto apande tu! Mimi si alinipanda nikapona? Sasa anaringia miguu?" Kisha ukaitisha kikao Jumamosi kujadili utovu wangu wa adabu. Kabla sijahukumiwa, naomba kwa heshima kulalamika.

1. Nimekuwa mkanyagaji wa migongo ya ukoo huu tangu nikiwa na meno ya utoto, na sijawahi kukataa. Nimepanda mgongo wako, wa Shangazi, hata wa wageni walioambiwa kwamba nyumba hii ina mtoto mwenye miguu ya dawa. Lakini siku hizo nilikuwa mwepesi kama mto wa kulalia. Sasa nimemaliza shule na nimenenepa. Hilo kila mtu huliona wakati wa kugawa chakula. Wakati wa kukanyaga halionekani.

2. Baba hana uchovu. Baba ameanguka. Alikuwa juu ya ngazi akipaka rangi dari ya duka, ngazi ikateleza, akatua kwa mgongo kwenye ukingo wa kizingiti. Wenzake wakamleta nyumbani wamemshika mikono na miguu kama gunia. Tangu hapo amelala kwenye mkeka, anasema miguuni mwake wanatembea sisimizi. Nimetafuta, hawapo. Mama alipomfinya kidole cha mguu kwa nguvu, Baba alisubiri, kisha akauliza, "Mbona hunifinyi?"

3. Shangazi anasema huo ni upepo umeingia mgongoni, nikipanda utatoka. Nilimweleza kwa sauti ndogo tulivyofundishwa shuleni: ndani ya pingili za mgongo mna kamba laini ya mishipa ya fahamu, ndiyo inayoiambia miguu itembee, na pingili iliyovunjika ikisukumwa kamba hiyo hukatika, wala haiungiki. Shangazi akasema, "Ehe, daktari wetu huyo! Hata kuku hajawahi kumtibu." Watu wakacheka. Baba naye akacheka, maumivu yakamkata katikati ya kicheko.

4. Kama kweli kukanyaga hunyoosha kilichopinda, basi kipaji changu kinapotezwa bure. Bampa la gari lako limepinda tangu mwaka jana na hujawahi kuniita. Friji yetu haigandishi, nipandishwe. Hospitali nazo zitupe mashine zao, zitandike mikeka, ziajiri wasichana wanene. Nitaomba kazi huko, maana kwa sasa sina.

5. Na ikiwa ni lazima akanyagwe, si heshima kazi kubwa hivyo apewe mdogo wakati wakubwa wapo. Wewe ndiye mzito kuliko wote, kwa cheo na kwa mwili. Naomba uje, uvue viatu, upande mwenyewe mbele ya kikao. Baba asipoinuka tena, utakuwa wewe wa kumbeba kwenda chooni, kumgeuza usiku asipate vidonda, na kupanda ile ngazi umalizie dari. Mimi nitakushikia kopo la rangi.

6. Haya yakiwa mazito, naomba ruhusa moja tu. Apelekwe hospitali akapigwe picha ya mgongo, akiwa amelazwa bapa, bila kukunjwa wala kukalishwa. Naambiwa bila neno lako haondoki mtu. Tafadhali liseme upesi. Sisimizi wamefika magotini.

Msalimie Mama Mkubwa, wasalimie watoto wote, na yeyote hapo aliye na mgongo. Shangazi angekusalimia pia, ila hajui kwamba naandika.

Mimi mwanao, mtiifu katika mambo mengine yote,
Binti wa mdogo wako

Nyongeza: Nilipomaliza kuandika habari ya magoti niliona barua itachelewa. Nilichukua bisibisi nikang'oa mlango wa sebule. Wenzake Baba wakamtelezesha juu yake, nami nikamshika kichwa njia nzima huku nikiwapigia watu wazima kelele: "Taratibu! Msimkunje!" Sikujua kama nina sauti hiyo. Daktari anasema pingili imepasuka na uvimbe unaibana ile kamba, lakini haijakatika. Tungemkanyaga, ingekatika. Leo asubuhi Baba amelalamika kwamba shuka la hospitali linamkwaruza miguu, Mama akalia kwa furaha. Kwa hiyo ruhusa niliyoomba hapo juu haihitajiki tena. Mlango bado uko hospitali. Jumamosi mkija kunihukumu hamtakuwa na pa kubisha hodi, ingieni tu.