Shauri la Mvua Iliyolowesha Waya wa Banda Langu

Kwako Ndugu Mwenyekiti wa Kitongoji,
Mlali.

Pamoja na heshima zote zinazostahili kiti unachokalia, natangaza rasmi kwamba maungio ya waya wa umeme unaotoka nyumbani kwangu kwenda banda la bustani yamelowa tena. Ni mara ya nne tangu masika yaanze.

Ndani ya banda hilo kuna vifaranga wa mke wangu, Felista. Walikuwa sitini. Taa ikizimika wanapigwa baridi, na leo nimehesabu arobaini na mmoja.

Mwezi uliopita nilimleta fundi Rogers mbele ya baraza lako. Nikaeleza kwamba aliunganisha waya nje, juu ya nguzo ya uzio, akazungushia tepu, akavika mfuko mtupu wa chumvi na kuukaza kwa mpira wa baiskeli. Nikasema mjini yapo maboksi yenye mfuniko wa mpira, waya unaingilia chini, maji hayapiti. Rogers akajibu, "Mzee Petro, hayo mambo ya mjini, ya Kilakala. Mimi niliahidi kufunga waya, sikuahidi kufunga mvua." Watu wakacheka hadi wengine wakashika mbavu. Nawe, ambaye ni baba mkwe wake lakini siku ile ulikuwa mwenyekiti tu, ukaamua: fundi hana kosa, mvua ndiyo imekuja pembeni.

Uamuzi huo nimeupokea kwa mikono miwili. Kwa kuwa mkosaji ameshajulikana, nawasilisha yafuatayo:

1. Mvua iitwe barazani ijieleze kwa nini hainyeshi kutoka juu kwenda chini, kama fundi alivyoitegemea. Kwenye bati la nyumba yako nimeiona ikinyesha wima kabisa, kwa hiyo kujua inajua.

2. Ukungu. Huu wala haunyeshi. Unashuka asubuhi kutoka mlimani Uluguru na kuingia mfukoni bila hodi, unakuta chumvi iliyobaki, vinalowana pamoja, waya unapiga shoti. Juzi nguzo ilimrusha mbuzi wa jirani yangu Mwanvita. Nimemhoji mbuzi mwenyewe, hakumbuki kama unyevu ulikuja wima au pembeni.

3. Umande. Ni mdogo, upewe onyo.

4. Mlima wenyewe, kwa kuwahifadhi wote watatu. Naomba usogezwe upande wa Matombo, ambako wenzetu wana migomba inayotaka maji na hawana fundi Rogers. Kila kaya itoe mtu mmoja na jembe. Mlima ukikaidi wito, baraza liufuate huko huko. Wajumbe wapande na viti vyao.

Kazi hiyo ikionekana nzito, ipo njia nyepesi, ingawa naona haya kuitaja mbele ya wataalamu: Rogers arudi na boksi.

Nisalimie wajumbe wote, mama watoto, majirani wa pande zote nne, na hasa binti yako, aliyekubali kuolewa na utaalamu huo.

Ni mimi mlalamikaji wako mtulivu,
Petro Mkude

N.B. Barua hii nimeiandika kwa wiki tatu, nikitafuta maneno ya adabu. Felista amenikuta naikunja, akaniambia vifaranga wameshaota manyoya, hawahitaji taa. Waya aliuchomoa tangu Jumapili.