Malalamiko Kuhusu Gari Linalomshikia Breki Dereva Mzima

Kwa Mkuu wa Mafundi,
Kiwanda Kilichotengeneza Gari Letu Jeupe.

Ndugu Mkuu wa Mafundi,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye, maana sisi tumelelewa. Natumaini wewe na mafundi wako ni wazima, mnakula na kulala vizuri. Mimi kula nakula. Kulala ndiyo shida, na shida yenyewe imetoka kiwandani kwako.

Kabla sijalalamika ujue unaongea na nani, usije ukadhani ni kizee fulani tu kilichokosa kazi. Mimi ni dereva. Nimeendesha lori la saruji tangu wewe unanyonya. Madereva wenzangu waliniita Mzee Klachi hata nilipokuwa kijana mbichi, kwa sababu nilikuwa nabadilisha gia na aliyekaa pembeni asijue. Nimebeba mayai kwenye njia ya mawe yakafika yote mazima, isipokuwa yale yaliyovunjika. Siku moja breki zilikatika mlimani nikateremka kwa gia peke yake mpaka chini, na utingo wangu akaokoka siku hiyohiyo, mpaka leo anahubiri. Kusoma sikusoma sana, lakini alama za barabarani nazijua zote, na baadhi nimezigonga.

Gari lenyewe alilinunua mwanangu wa kwanza, binti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alilinunua ili mama yake apelekwe hospitali kufanyishwa mazoezi ya nyonga, na mimi ndiye dereva. Tangu lifike sina amani. Nimeyapanga malalamiko kwa namba ili usipotee.

1. Pedali ya breki inatetemeka. Sisi tuliojifunza kazi kwa wanaume, breki tunaipampu: unakanyaga, unaachia, unakanyaga, unaachia, gari linasimama kwa heshima. Basi siku ya mvua nilikanyaga kwa nguvu, pedali ikaanza kunitetemekea chini ya kiatu, dr-r-r-r, kama mtu aliyekanyagwa kidole. Mimi nina huruma. Nikaondoa mguu. Na mguu ukitoka pale lazima uende mahali, ukaenda pedali ya jirani. Gari likaingia kwenye karakana ya seremala na kupanda kitanda ambacho hata vanishi kilikuwa bado. Seremala alinitazama, akaweka randa chini, akasema, mzee, kama ulikuwa umechoka si ungebisha hodi? Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Kitanda kile kilikuwa cha bibi harusi, ndugu yangu. Nimekizindua kabla yake.

Mwanangu alikuja na kile kitabu cha gari akanisomea kwamba ikitetemeka usiachie, endelea kukanyaga, ndivyo inavyozuia magurudumu yasigande yakateleza. Nauliza: ni nani aliyewafundisha ninyi kukandamiza kitu kinachotetemeka? Kwenu hamna wazee?

2. Mmeniwekea taa ya ulevi. Pale mbele kuna taa ya njano ina kagari kadogo, na nyuma yake michirizi miwili imepinda kama nyoka. Hata mtoto ataelewa maana yake: dereva huyu amelewa. Mimi pombe sijaigusa tangu nioe, mke wangu ni shahidi, na shahidi mwenyewe ndiye aliyeiona ikiwaka. Akaniuliza, mzee, umekunywa wapi? Nikamwambia sijanywa. Akasema, basi gari linakusingizia? Nikamwambia ndiyo, linanisingizia. Mwanangu anasema taa ile huwaka gari likiteleza na mtambo ukilirudisha njiani. Kama ni hivyo, nyoka wa nini? Nilibandika plasta juu yake. Ikawaka na plasta.

3. Ndani ya gari kuna mtu. Kwenye kona mimi napanua kwanza, ndiyo nakunja, kama inavyotakiwa kwa lori lenye tela. Juzi nimepanua vizuri kabisa, nikasikia gurudumu moja linashikwa peke yake, moto wa injini unapunguzwa, gari linageuzwa kurudi njiani na mkono usio wangu. Tulipotoka kwenye kona mke wangu akasema, asante. Nikamwambia karibu. Akasema, sikukushukuru wewe.

Hebu fikiri ni wewe umeambiwa hivyo mbele ya usukani wako.

4. Linasimama bila ruhusa. Hili ndilo lililonimaliza. Nilikuwa napita pale kwa fundi matairi, wanapokaa madereva wastaafu wenzangu, nikiwa nimetoa kiwiko dirishani ili waone nani anapita. Upepo ukaleta mfuko mtupu wa saruji ukaruka mbele ya gari. Gari likapiga kelele, likafunga breki lenyewe, ngu! Kofia yangu ikaangukia dashibodi. Mimi niliyebeba saruji maisha yangu yote nimesimamishwa na mfuko wake, tena hauna kitu! Wenzangu walisimama wote. Mmoja, anaitwa Tairi Bovu, akapaza sauti: Mzee Klachi, siku hizi unaendesha au unapelekwa? Sasa hata nikipita kwa miguu wananiuliza kama nimesimama mwenyewe au nimesimamishwa.

5. Hili nimelisahau, lakini lilikuwa zito. Nimeliachia nafasi.

6. Kwa ajili ya ile habari ya kitanda, kiliitishwa kikao cha familia. Mwanangu alikuwa mwenyekiti. Mkwe wangu, yaani mume wa mwanangu, kijana aliyejifunzia gari lisilo na klachi na bado anajiita dereva, akainuka na kunipaka mafuta. Akasema, baba, gari hili ni salama kabisa, kazi yako ni kulikubalia tu. Kulikubalia! Gari si posa. Kikao kikaamua kwamba kuanzia Jumamosi ufunguo atakaa nao mkwe, na yeye ndiye atakayempeleka mama mazoezini. Nikagoma. Ndipo mwanangu akasema, sawa, baba, ulete mtu mmoja tu anayejua magari, aseme kwamba kosa lilikuwa la gari na si lako, na ufunguo utabaki kwako. Mtu huyo ni wewe.

Nikueleze kwa nini sikubali, halafu tuendelee kugombana. Miaka yote ya lori mke wangu nilikuwa namwacha nyumbani. Nampigia honi pale nje, anatoka na kanga begani, ananipungia, naondoka. Kumpeleka mahali sikuwahi. Sasa kila Jumanne na Alhamisi nampeleka mimi. Namfungulia mlango, naukunja mguu wake taratibu auingize, namfunga mkanda, tunakwenda tukibishana njia nzima. Ndani wakimnyoosha nyonga mimi nakaa kwenye benchi nasikia anawatukana, najua anaendelea vizuri. Yule kijana atampeleka, sikatai. Lakini hatambishia.

7. Sasa tuje kwenye haki. Nimelifikiria jambo hili nikiwa nimetulia, na hakuna pa kutokea. Kama gari linashika breki lenyewe, linakata kona lenyewe na linasimama lenyewe, basi dereva ni gari. Na kama dereva ni gari, siku ya kitanda lilikuwa wapi? Lijitokeze. Liende kwa seremala liombe radhi, likipake kile kitanda vanishi. Likapigwe picha ya leseni, upande na upande. Liitwe kwenye kikao, likae kwenye kiti cha plastiki kama nilivyokalishwa mimi, na mkwe asimame kulinasihi.

8. Na kama mtaniambia kifaa hiki ni kizuri, basi mmekiweka mahali pasipo na shida. Barabarani mimi sikuwa na shida. Kiwekeni panapoteleza kweli. Kimoja mfunge kwenye ulimi wa mkwe wangu, kila akitamka neno baba, ushikwe na kutetemeka. Kingine mfunge kwenye vikao vya familia, mwenyekiti akianza kuacha njia mtambo umrudishe. Cha tatu mniletee kwa ajili ya mke wangu, kikiona anakaribia habari ya kitanda kipige kelele na kufunga breki mita kadhaa kabla. Taa ya nyoka nitaibandika mwenyewe juu ya mlango wa Tairi Bovu, ambaye yeye kweli anakunywa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili tu, maana sina makuu.

Kwanza, mtume fundi aje aondoe mitambo yote: wa kutetemeka, wa kona na ule wa mifuko mitupu. Aondoke nayo kwenye boksi, aniachie usukani, pedali na honi. Honi iwe kubwa.

Pili, na hili ndilo la haraka, mniandikie barua yenye muhuri, ifike kabla ya Jumamosi, iseme hivi: gari hili hufanya mambo yake lenyewe bila kumuuliza dereva, na Mzee Klachi hahusiki na lolote lililotokea, la kitanda likiwemo. Muhuri uwe wa duara. Mwanangu ule wa pembe nne hauamini.

Naishia hapa kwa sababu karatasi inakwisha. Hasira bado ipo. Nisalimie mlinzi wa geti, wapishi wa kantini, wanaokaza boliti za magurudumu na mama anayefagia pale mnapopaka rangi. Wasalimie wake na waume zao na watoto wao wote. Aliyebuni ile taa naye msalimie, ila usimpe mkono.

Ni mimi, ninayedai haki bila kumtukana mtu,

Mzee Klachi,
Dereva.

Nyongeza. Bahasha nilikuwa nimeshailamba, nimeichana tena. Tafadhali soma hapa, yale ya juu uyaache.

Jana, Ijumaa, mwanangu alikubali niendeshe mara ya mwisho mpaka posta kuituma barua hii, ingawa ilishachelewa. Mama yake alikaa mbele, yeye nyuma, na mkwe alikuwa anatusubiri pale posta apokee ufunguo. Mvua ilikuwa imenyesha. Tukiwa tunateremka barabara ya tangi la maji, mtu anayesukuma mkokoteni wenye friji akachomoka kwenye uchochoro, na alipotuona akaganda katikati ya njia kama anayepigwa picha. Nikakanyaga. Pedali ikaanza kutetemeka. Nikataka kuachia kama kawaida yangu, lakini mke wangu alikuwa amenikandamiza goti kwa mikono yote miwili, mguu hauna pa kwenda. Nikazungusha usukani. Gari likapita kati ya friji na mtaro, likayumba, likanyooka, likasimama. Tairi zote nne barabarani.

Mwenye friji akaja dirishani. Nikajiandaa kutukanwa. Akasema, mzee, wewe ni dereva! Ndugu yangu, neno hilo sijalisikia kwa mtu tangu niache lori. Nilipogeuka nyuma mwanangu alikuwa analia. Posta tulimkuta mkwe ameshanyoosha mkono. Mwanangu akamwambia, rudisha mkono wako, ufunguo una mwenyewe.

Kwa hiyo ile barua yenye muhuri msiiandike. Na kama mmeanza kuiandika, ichaneni. Mwanangu akiwauliza kama gari hili lina mtambo wowote wa kulirudisha njiani, mjibuni kwamba hilo limo kwenye kitabu tu, kwa ajili ya kupamba, na kwamba gari aina hii huongozwa na mikono ya dereva peke yake. Hilo ndilo mligonge muhuri wa duara. Mkwe akiuliza msimjibu kabisa. Fundi asije. Pedali mwiache itetemeke, na taa nayo iwake inavyotaka, mimi simlaumu mtu.

Mke wangu hajaacha kuniuliza niliuonaje ule upenyo mdogo namna ile kati ya friji na mtaro. Nimemwambia hilo ni jicho la dereva. Kwa kweli macho yote mawili nilikuwa nimeyafumba. Nakwambia wewe peke yako, kwa kuwa ule mkono usio wangu ni wako, na wewe ulikuwepo.