Karatasi Nyekundu Mlangoni Pangu

Ndugu Mhariri wa gazeti letu la Garrabin,

Pokea salamu pamoja na harufu ya tope, ambayo najua hata ofisini kwako haijaisha.

Kwa heshima zote naleta malalamiko. Baada ya ile radi na mvua ya mawe ya Jumapili, mto ulipotutembelea bila kualikwa, halmashauri ilimtuma kijana Brayden Petch kukagua nyumba zilizoharibika. Yangu kaibandika karatasi nyekundu: haifai kukaliwa na binadamu. Binti yangu Leanne kaiona, na sasa ananitandikia kitanda kwake Brisbane, ghorofani kabisa, ambako hata kutema mate dirishani ni kosa. Sitaki kwenda. Hoja zangu ni hizi:

1. Ule haukuwa ukaguzi. Alirusha kamera angani ipige picha paa, mwenyewe kasimama barabarani na viatu vyake vyeupe. Ndugu Mhariri, nyumba zetu zimekaa juu ya nguzo. Mkaguzi wa kweli huingia uvunguni kwa tumbo kama mjusi. Kutazama paa baada ya mafuriko ni kama kumtibu mwenye kuhara kwa kumkagua kofia.

2. Hatimaye aliinama, akamulika tochi kutoka huko huko barabarani. "Mzee, nguzo zako zimepinda."
"Hata mimi nimepinda. Mbona hujanibandika?"
Jirani yangu Noelene akadakia kutoka upande wa pili wa ua: "Mbandike, mwanangu! Mbandike mdomoni, tupumzike!"
Kijana akaandika kwamba mwenye nyumba hatoi ushirikiano.

3. Tena ananilaumu kwa kuosha! Eti tope lisiguswe mpaka yeye alione. Sisi huku tope tunalifukuza kwa ufagio maji yakiwa bado yanashuka, tukiyafuata hadi ngazini, maana likikauka ni saruji. Basi siku hizi mchafu ndiye mwathirika, na msafi ni mharibifu wa ushahidi.

4. Hasara yenyewe iko wapi? Friji ilielea, ikatua mahali pazuri kuliko pale alipoiweka marehemu mke wangu. Nasema hivi kwa kuwa yeye hasomi tena magazeti. Sakafu inanesa kidogo ukipita, lakini vijana si huenda dansini kutafuta hicho hicho?

5. Kwa hiyo naomba karatasi ile ibanduliwe, ikabandikwe kwenye ofisi ya halmashauri, iliyojengwa kwenye kinamasi ambamo hata ng'ombe walikataa kulala. Nyumba yangu itangazwe kuwa imara kuliko zote wilayani. Na mimi nikabidhiwe ukaguzi wote, Brayden anishikie tochi.

Nilizaliwa chumba cha mbele cha nyumba hii. Anayedhani anaijua kunishinda ajitokeze.

Wasalimie wapiga chapa wako, mama wa chai, na yeyote aliyekauka miguu.

Ni mimi, ndani ya nyumba yangu,
Clarrie Huddleston

N.B. Nilipoinuka kutafuta bahasha, sakafu ya jikoni ilishuka, nami nikashuka nayo. Sijaumia. Namaliza barua hii nikiwa uvunguni, ambako tangu mafuriko sikuwa nimefika, na nguzo naziona vizuri sana. Tatu hazipo. Noelene kaenda kumpigia Leanne simu. Kama barua hii itakufikia kwanza, mwambie Leanne chumba changu huko Brisbane kiwe cha upande unaoutazama mto.